Kahawa Ileile, Filamu Mbili: Jinsi ya Kulinganisha Sinema ya Taharuki na Toleo Lake Jipya

Yeyote aliyekulia karibu na banda la video katika mitaa ya Nairobi, iwe Kariobangi, Kawangware au Dandora, anaijua kanuni ambayo haikuandikwa popote: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, kutupwa mtoni akiwa amefungwa kamba, hata kufukiwa na kifusi, lakini aliyelipa kiingilio anajua kwamba kabla ya filamu kwisha mtu huyo atasimama, atajipangusa vumbi na kulipiza kisasi. Hofu inayoonjwa hapo ni hofu yenye dhamana. Mwaka 1988 mwelekezi Mholanzi, George Sluizer, alitengeneza filamu ya taharuki iliyoivunja kanuni hiyo bila huruma, na mwaka 1993 mwelekezi huyohuyo akaitengeneza upya nchini Marekani na kuirudisha kanuni mahali pake. Kwa kuwa mtu aliye nyuma ya kamera ni mmoja na kisa ni kimoja, jozi hii inaturahisishia kazi ambayo kwa kawaida ni ngumu, yaani kutambua ni nini hasa hubadilika filamu ya taharuki inapotengenezwa upya.

Msomaji ajue mapema kwamba miisho ya filamu zote nitakazozitaja itafichuliwa, kwani hakuna njia ya kuzilinganisha filamu za aina hii huku miisho yake imefunikwa.

Filamu ya kwanza inaitwa Spoorloos. Wahusika wake huzungumza Kiholanzi na Kifaransa, na ilitokana na riwaya fupi ya Tim Krabbé, Het Gouden Ei, iliyochapishwa mwaka 1984. Krabbé mwenyewe alishiriki kuiandika hati ya filamu. Ya pili inaitwa The Vanishing. Hati yake iliandikwa na Todd Graff, na waigizaji wake wakuu ni Jeff Bridges, Kiefer Sutherland, Nancy Travis na Sandra Bullock. Hata urefu wa filamu hizi mbili unakaribiana, kila moja ikipita kidogo saa moja na dakika arobaini na tano, jambo ambalo lina umuhimu wake kama tutakavyoona.

Mazoea ya wengi wetu tunapolinganisha matoleo mawili ni kuhesabu matukio. Tunasema hili limeongezwa, lile limeondolewa, mhusika huyu amebadilishwa kazi, mji ule umehamishiwa bara jingine, kisha tunatoa hukumu kwa kupima wingi wa mabadiliko hayo. Njia hiyo inaweza kufaa kwa filamu ya historia au ya mapenzi, lakini kwa taharuki inapotosha. Taharuki hutokana na ujuzi: nani anajua nini, mtazamaji anajua kiasi gani kuliko mhusika, na swali lililopandwa akilini mwa mtazamaji linajibiwa lini. Sisi wa Nairobi tuna ushahidi wa jambo hili karibu nasi. Wasimulizi kama DJ Afro huweka sauti yao juu ya picha na kuieleza filamu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, na msimulizi wa aina hiyo akikudokezea dakika tano mapema kwamba rafiki wa steringi ni msaliti, utaitazama filamu nyingine kabisa, ingawa hakuna hata picha moja iliyoguswa.

Tuanze basi na namna Spoorloos inavyougawa ujuzi. Rex Hofman na Saskia Wagter, wapenzi wawili wa Kiholanzi, wanasafiri kwa gari nchini Ufaransa wakati wa likizo. Gari linaishiwa petroli ndani ya handaki, na Rex anakwenda kutafuta mafuta na kumwacha Saskia gizani, ingawa mwenzake anamsihi asimwache. Baadaye wanapatana kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara kuu. Rex anaapa kwamba hatamwacha tena, wanafukia sarafu mbili chini ya mti, kisha Saskia anaingia kituoni kununua vinywaji na hatoki. Ni mchana mweupe, na kituo kimejaa familia zinazokwenda likizoni. Miaka mitatu inapita, naye Rex bado anabandika picha za Saskia ukutani na kumsihi asiyemfahamu ajitokeze aseme ukweli.

Mhalifu hafichwi. Raymond Lemorne, anayeigizwa na Bernard-Pierre Donnadieu, ni mwalimu wa kemia, mume wa mtu na baba wa mabinti wawili, na filamu inarudi nyuma ili tumwone akijiandaa. Anapima mapigo ya moyo wake, anakadiria muda ambao kloroformu itamlaza mtu, anafanyia mazoezi maneno ya kumkaribisha mwanamke garini, na katika nyumba yake ya mashambani anachunguza kama majirani husikia mayowe. Mara kadhaa anashindwa, na safari moja anapiga chafya na kujifuta pua kwa kitambaa alichokitia dawa yeye mwenyewe. Mtazamaji anacheka, kisha anashtuka kwamba amecheka.

Kwa kuwa tumemjua mhalifu mapema, swali la kawaida la filamu za upelelezi, yaani nani aliyefanya, linakufa kabla halijazaliwa. Linabaki swali moja tu: Saskia alipatwa na nini? Tumeonyeshwa maandalizi na tumeonyeshwa majonzi ya baadaye, lakini katikati pamekatwa. Hicho kipande kilichokatwa ndicho anachokitaka Rex, na taratibu, bila kuambiwa, mtazamaji anajikuta anakitaka kwa uchu uleule. Rex anaanza kuonekana kwetu kama mtu asiyempenda tena Saskia hasa, bali anayependa kujua. Lieneke, mpenzi wake mpya, analitambua hilo na kuondoka, na kwa maoni yangu yeye ndiye mwenye akili timamu kuliko wote katika kisa hiki.

Kisha Lemorne anajitokeza mwenyewe. Hamtishi Rex kwa silaha, bali anampa biashara: nitakueleza kila kitu, lakini kwa njia moja tu, upitie alikopitia yeye. Polisi hawana ushahidi wowote dhidi ya Lemorne, kwa hiyo Rex akikataa hatajua kamwe. Njiani anasimuliwa sehemu ya mkasa, na sasa ndipo tunapoonyeshwa jinsi Saskia alivyotaka sarafu za mashine ya vinywaji, akaliona pambo la funguo la Lemorne lenye herufi R, akatamani kumnunulia Rex mfano wake, na kwa sababu hiyo akaingia garini. Usimulizi unakoma hapo. Kilichobaki kimo ndani ya kikombe cha kahawa yenye dawa ya usingizi. Rex anasitasita, anahangaika, anakunywa. Anazinduka ndani ya sanduku, chini ya ardhi, akiwa na kiberiti cha gesi mkononi, na hapo anajua, nasi tunajua pamoja naye. Filamu haiendelei sana baada ya hapo: Lemorne ametulia nyumbani kwake mashambani pamoja na mke na watoto, na gazeti lina picha za wawili waliopotea.

Kinachoifanya filamu hiyo iwe nzito hivi si kifo chenyewe, kwa maana filamu zinazoua wahusika wakuu zipo nyingi. Ni kwamba jibu na adhabu vimefanywa kuwa kitu kimoja. Mtazamaji aliyekuwa akitamani kujua kwa saa moja na nusu anapewa alichokitaka, kikamilifu, na hana wa kumlalamikia.

Toleo la 1993 linaifuata njia hiyo kwa umbali mrefu kuliko wanavyokumbuka wanaolidharau. Jeff, anayeigizwa na Sutherland, anampoteza Diane katika kituo cha mafuta huko Marekani. Barney Cousins, mwalimu wa kemia anayeigizwa na Bridges, naye anampa biashara ileile, na Jeff anakunywa kahawa ileile na kuzinduka ndani ya sanduku lilelile. Anayehesabu matukio atasema kwamba hadi hapo filamu ni moja. Lakini The Vanishing haiishi hapo. Rita, mpenzi mpya wa Jeff na mhudumu wa mkahawa, anaufuata mkondo hadi kwa Barney, anapambana naye kwa akili na kwa mikono, anamfukua Jeff angali hai, na Barney anauawa. Katika tamati Jeff na Rita wako hotelini, wanapewa kahawa, na wote wawili wanaikataa. Tumecheka, twende nyumbani.

Tukio la kuzikwa halikubadilishwa hata kidogo; kilichobadilika ni kazi yake. Katika Spoorloos kuzikwa ni jibu, na baada ya jibu hakuna swali. Katika The Vanishing kuzikwa ni hatari mojawapo anayotumbukizwa steringi ili atolewe, na mara tu udongo unapomfunika Jeff, swali lililotubeba tangu mwanzo, la Diane alipatwa na nini, linapokonywa kiti na swali jipya: Rita atafika kwa wakati? Hilo la pili ni swali tulilojifunza kulijibu katika banda la video tangu tukiwa watoto. Atafika.

Watu wengi hulalamikia mwisho wenye furaha, lakini hasara kubwa zaidi, nionavyo mimi, imempata Diane. Katika filamu ya kwanza, dakika ya kuzinduka sandukuni ni dakika ambayo Saskia anarudi, si kwa mwili bali kwa ujuzi: tunaelewa kwa mara ya kwanza giza alilokutana nalo, na kile alichokiogopa handakini kinapata maana nyingine. Katika filamu ya pili habari hiyo hiyo inatufikia wakati filamu ina haraka ya kumfukua mtu mwingine, na msichana ambaye kupotea kwake ndiko kulikoanzisha kila kitu anageuka kuwa sababu tu ya mapambano. Ikumbukwe pia kwamba filamu hizi zinalingana kwa urefu. Sehemu nzima ya Rita ilihitaji nafasi, na nafasi hiyo ilipatikana kwa kufupisha kule kungoja na kuchacha kwa Rex, ambako ndiko kulikotufanya tuikubali kahawa.

Uigizaji wa mhalifu nao unafuata mantiki hiyo. Donnadieu anamchora Lemorne kama mzazi yeyote anayeweza kukaa nawe foleni moja benki: ana kiburi kidogo, ana ubahili kidogo, anawapenda watoto wake. Bridges, ambaye ni mwigizaji hodari na sina nia ya kumpunguzia heshima, anampa Barney lafudhi ya ajabu na mwendo wa ajabu, na filamu inaanza naye akiwa katika mazoezi yake ya uhalifu, kabla hatujawajua wapenzi wenyewe. Mtazamaji anaambiwa mapema kwamba mtu huyu si wa kawaida, na kwa kuambiwa hivyo anapewa nafuu, kwa sababu mtu asiye wa kawaida anaweza kutambuliwa na kuepukwa. Kinachotisha kwa Lemorne ni kwamba mkewe alikula naye chakula cha jioni miaka yote hiyo bila kujua lolote.

Haki itendeke kwa upande mmoja. Rita ndiye kitu bora zaidi katika toleo la 1993. Wanawake wa Spoorloos wana kazi mbili tu, kupotea na kuondoka, ilhali Nancy Travis amepewa mtu mwenye hasira, ujanja na uamuzi wake mwenyewe. Kama filamu ingalipangwa tangu mwanzo kuwa kisa cha Rita, cha mwanamke anayeshindana na kumbukumbu ya mwanamke mwingine kisha akalazimika kuingia kaburini kuitafuta, huenda ingalikuwa filamu nzuri inayojitegemea. Tatizo ni kwamba anakabidhiwa usukani safari ikiwa imekaribia kwisha.

Hapo ndipo baadhi ya watazamaji hukimbilia maelezo rahisi, kwamba Hollywood inapenda furaha na Ulaya inapenda huzuni. Maelezo hayo hayasimami. Infernal Affairs ya Hong Kong, ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Andrew Lau na Alan Mak, inamalizika huku mpelelezi aliyepandikizwa na genge ndani ya polisi akibaki hai na cheo chake, akiwa peke yake na siri yake. Lakini kwa watazamaji wa China bara ilitengenezewa mwisho mwingine ambao mtu huyo anakamatwa. Martin Scorsese alipoitengeneza upya kwa jina The Departed mwaka 2006, filamu iliyompatia Oscar ya uelekezi, alimwua msaliti huyo kwa risasi mlangoni pa nyumba yake. Hakuna furaha hapo. Kilichopo ni hesabu iliyofungwa, na kufunga hesabu ni jambo tofauti na kufurahisha. Soko lolote, liwe la Los Angeles au la Beijing, linaweza kudai hesabu ifungwe.

Wala kubadilisha mwisho si kosa kwa asili yake, na mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni Insomnia. Toleo la kwanza ni la Norway, la mwaka 1997, lililoelekezwa na Erik Skjoldbjærg. Stellan Skarsgård ni Jonas Engström, polisi Mswidi aliyetumwa kaskazini ya mbali kuchunguza mauaji ya msichana, ambaye kwenye ukungu anampiga risasi mwenzake na kumwua, kisha anaficha kosa lake huku muuaji wa msichana akiwa ameshuhudia. Toleo la pili lilielekezwa na Christopher Nolan mwaka 2002, likahamishiwa Alaska, na Al Pacino akawa mpelelezi Will Dormer huku Robin Williams akiwa muuaji. Katika zote mbili ni majira ambayo jua halizami, na mpelelezi hapati usingizi. Kwetu Nairobi, ambako mwaka mzima jua huchwea karibu saa kumi na mbili unusu jioni bila kutukosea adabu, mwanga huo wa saa sita za usiku unaonekana kama uchawi, na pengine ndiyo sababu filamu hizi hutusumbua zaidi kuliko zinavyowasumbua wenyeji wa huko.

Nolan na mwandishi wake, Hillary Seitz, hawakungoja mwisho ndipo wabadilishe. Walibadilisha mwanzo. Dormer anafika Alaska akiwa tayari anakabiliwa na uchunguzi wa ndani ya polisi, na mwenzake yuko karibu kutoa ushahidi unaoweza kumharibia. Risasi inapotoka kwenye ukungu, Dormer mwenyewe hana uhakika kama alikosea au alikusudia, nasi hatuna uhakika. Engström wa Norway hana mzigo huo. Yeye ni mtu ambaye uozo wake unafunuliwa hatua kwa hatua. Tazama tukio la mbwa. Kila mmoja wao anahitaji risasi iliyokwisha kupita mwilini ili abadilishe ushahidi. Engström anampiga mbwa aliye hai. Dormer anampiga mbwa aliyemkuta amekwisha kufa. Katika tofauti hiyo ndogo tumekwisha kuambiwa kwamba filamu ya pili inamtafutia mtu wake njia ya toba na ya kwanza haimtafutii.

Kwa hiyo miisho inapoachana haitushtui. Katika zote mbili askari mwanamke wa eneo hilo anaugundua ukweli kwa kuliokota ganda la risasi. Katika filamu ya Norway, Hilde Hagen analiweka ganda hilo mbele ya Engström na kuondoka, naye Engström anaendesha gari kurudi kwao akiwa hajaadhibiwa na hajalala. Katika filamu ya Nolan, Ellie Burr, anayeigizwa na Hilary Swank, anataka kulitupa ganda ili kuilinda heshima ya Dormer, na Dormer aliyejeruhiwa anamzuia, anamwomba asipotee njia, kisha anafariki. Ganda ni lilelile, lakini mwelekeo wake umegeuzwa: kwanza anayesamehe ni askari kijana na anayenufaika ni mkosaji, halafu mkosaji ndiye anayekataa kusamehewa. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko ya Sluizer, lakini filamu haivunjiki, kwa sababu swali lililoulizwa mwanzoni ndilo linalojibiwa mwishoni.

Njia ya tatu, ya kutobadilisha lolote, nitaigusa tu. Gus Van Sant aliirudia Psycho ya Alfred Hitchcock mwaka 1998 karibu picha kwa picha, kwa rangi, na hofu haikunakilika, kwa kuwa karibu kila aliyeingia ukumbini alikwisha kuijua siri ya 1960. Taharuki ina mali ambayo hutumika mara moja, na kunakili picha hakumrudishii mtazamaji ule ujinga wake wa kwanza.

Jambo hilo linatuhusu moja kwa moja, kwani hapa Nairobi toleo la Marekani ndilo hutufikia kwanza, kwa lugha tunayoielewa na kwa sura tunazozijua, ilhali la Kiholanzi au la Kinorwe linahitaji kutafutwa na kusomwa kwa maandishi yaliyo chini ya picha. Kwa Insomnia mpangilio huo hauna madhara makubwa. Ukianza na Pacino, Skarsgård bado atakushangaza, maana ni mtu mwingine mwenye dhambi nyingine. Kwa Spoorloos ni kinyume. Aliyeanza na The Vanishing atafika kwenye kikombe cha kahawa akiwa amekwisha kujua kilicho chini ya ardhi, na hivyo hataweza tena kuuhisi ule uchu unaomfanya Rex anywe. Anayetaka kuziona zote mbili na aanze na ya 1988, na ya pili aitazame baadaye kwa ajili ya Rita.